Kuamsha mabomba ya vani baada ya baridi ya Minnesota

Huku Minnesota vani yetu ya kambi haina tone la maji tangu Oktoba hadi Mei. Mabomba yake yanakaa yamejaa dawa ya rangi ya waridi, ile antifrizi ya magari ya kulala, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na koki ya plastiki haihimili kusukumwa namna hiyo kutoka ndani. Mwishoni mwa Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Kwa baridi ya namna ile, maji kidogo tu yaliyojificha kwenye kona ya bomba yanatosha kukuletea bili ya fundi.

Kwa sababu hiyo watu wanaogopa kazi ya kufunga gari, na wakiogopa wanakuwa makini. Kazi ya kulifungua ndiyo wanayoilipua. Jua limetoka, watoto wanadai safari, mtu anatia maji kwenye tangi, anafungua bomba la jikoni mpaka rangi ya waridi iishe, anaondoka. Mimi naiona kazi ya Mei kuwa nzito kuliko ya Oktoba. Oktoba ukikosea unapasua bomba. Mei ukikosea, watu wanakunywa.

Swali la kwanza ni lini. Katika Minneapolis na Saint Paul baridi ya kugandisha inaweza kurudi usiku hata Mei ikiwa imeshaanza. Wenye bustani wana kanuni yao: mche wa nyanya hauendi nje kabla ya Siku ya Akina Mama, ambayo Marekani ni Jumapili ya pili ya Mei. Jirani yetu, mzee mstaafu mwenye trela la miaka mingi, alituambia kwamba kanuni ya nyanya ndiyo hiyohiyo ya mabomba, nasi tunaifuata. Ushawishi wa kuivunja ni mkubwa, maana msimu wa uvuvi wa ziwani hufunguliwa karibu na siku hizohizo na mtaa mzima unajaa mashua juu ya matrela. Lakini ukipanda kaskazini kwa barabara ya 61, kandokando ya Ziwa Superior, usiku wa Mei bado unauma, na galoni moja ya antifrizi haitoki garini mwetu hadi Juni.

Vani tuliinunua katikati ya majira ya baridi, wakati bei ziko chini, ikiwa imeshafungwa na mwenyewe wa zamani. Kwa hiyo tulichokuja kufungua kilikuwa kazi ya mkono wa mtu mwingine, na hapo ndipo nilipojifunza mengi, kwa sababu sikujua alipita wapi na aliruka wapi.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua kilichomo. Antifrizi ya mabomba ya maji ni propilini glaikoli, ambayo sumu yake ni ndogo sana na inaruhusiwa kupita kwenye mabomba ya kunywea. Ile ya rejeta ya injini kwa kawaida ni ethilini glaikoli, ina ladha tamu na ni sumu ya figo. Kiasi kidogo kilichomwagika sakafuni kinaweza kumuua mbwa. Watu wanasema ukiona waridi uko salama. Si kweli, kuna kulanti za injini za rangi hiyohiyo. Nikampigia simu mwenye gari wa zamani nikamwomba picha ya galoni alilotumia. Hakukasirika, alikuwa bado nalo gerejini na lebo yake inasomeka vizuri. Ukinunua gari lililofungwa na mtu, omba picha hiyo kabla hujalipa.

Kisha tukaanza kutoa. Chini kabisa ya gari kuna vitoleo viwili vidogo, kimoja cha mstari wa maji ya moto na kimoja cha baridi, vilivyowekwa mahali pa chini kuliko bomba lolote. Ndoo chini, vizibo vinafunguliwa, mabomba yote ya juu yanafunguliwa ili hewa iingie, na waridi linashuka lenyewe. Halafu unafunga, unatia maji safi kwenye tangi kwa mpira mweupe wa maji ya kunywa, unawasha pampu, unafungua bomba mojamoja: baridi ya jikoni, moto ya jikoni, bafu, choo, kisha bafu la nje. Itatoka hewa, itakohoa, litatoka povu la waridi, na povu hilo linachelewa kuisha kuliko rangi. Usiridhike na rangi.

Nasisitiza povu kwa sababu. Antifrizi ikiwa nzito inawazuia bakteria, lakini ikishachujuka kwenye maji inageuka chakula chao. Isitoshe, klorini utakayoitia baadaye inaliwa na uchafu wowote inaoukuta njiani, na glaikoli iliyobaki ni mojawapo. Mtu anayekimbilia jiki kabla ya kusuuza anatia dawa inayokwisha nguvu kabla haijafika ilikotumwa.

Angalizo moja hapa: wakati wote wa kusuuza, hita ya maji inabaki imefungwa. Nyuma ya hita nyingi za magari haya kuna koki tatu zinazofanya njia ya mchepuko, ili antifrizi ipite pembeni badala ya kujaza tangi la hita. Kwetu tangi hilo ni la lita 23 hivi. Ukizigeuza koki mapema, waridi lililobaki linaingia humo, na kulitoa ni kazi ya nusu siku.

Siku ile pampu iliwaka, ikazunguka kwa kelele, maji hayakuja. Nikakagua tangi, limejaa. Nikakagua fyuzi, nzima, na hata hivyo pampu ilikuwa inazunguka. Mke wangu akasema, mpigie kaka. Kaka yake yuko Tanga, fundi bomba wa siku nyingi, mkubwa kwangu kwa umri.

“Shikamoo shemeji.”

“Marahaba. Mbona unanionyesha ndani ya kabati?”

“Si kabati shemeji, ni gari. Pampu inazunguka, maji hayaji.”

Akaniambia niisogeze simu kwenye pampu na ninyamaze. Alisikiliza kidogo tu. “Hiyo inavuta hewa. Tafuta kiungo kilichoko kabla ya pampu, usihangaike na vya mbele. Vya mbele vingekuwa vinavuja ungeona maji.”

Maneno hayo machache yamenisaidia kuliko kitabu cha gari. Upande wa mbele wa pampu maji yanasukumwa, kwa hiyo kasoro inaonekana kwa unyevu. Upande wa nyuma yananyonywa, na kasoro haionyeshi kitu: hakuna tone, hakuna doa, ni hewa tu inaingia. Kabla ya pampu yetu kuna kichujio chenye kikombe cha plastiki angavu kinachokamata takataka za tangi. Mpira wa duara wa kuzibia kikombe hicho ulikuwa umekauka. Nikaupaka mafuta ya silikoni yanayofaa kwa vyombo vya chakula, nikakaza kikombe kwa mkono tu, bila spana, kwa kuwa uzi wa plastiki ukizidishiwa nguvu unakatika. Pampu ikabadili sauti, ikawa nzito, maji yakaja.

Shemeji hakukata simu. “Na hilo tangi mnaliingiaje kulisugua?”

“Haliingiliki. Tundu lake linapitisha mpira tu.”

“Sasa mnasafishaje?”

“Kwa jiki.”

Akacheka. Kwake simtanki unaifunga maji, unamwaga ya chini yenye tope, mtu mwembamba anaingia na brashi, anasugua utelezi kwa mkono, anachota. Ukuta unauona. Tangi la vani limelala chini ya kitanda, limefungwa kwa mikanda ya chuma, na hakuna anayeuona ukuta wake wa ndani. Kazi yote ya brashi inafanywa na dawa, kwa hiyo dawa lazima ifike kila mahali na ikae muda wake. Hilo ndilo ninalolirudia kwa kila anayeniuliza, na ndilo wengi wanalodhani wamelifanya.

Kabla ya dawa, lakini, kuna jaribio la ukimya. Mabomba yote yakiwa yamefungwa, pampu inapaswa kusukuma hadi ifikie presha yake, nyingi hukata kwenye paundi 45 hadi 55 kwa inchi mraba, kisha inyamaze. Inyamaze kweli. Zima redio, zima feni, kaa. Ikiwaka tena baada ya dakika kadhaa bila mtu kufungua bomba, kuna mahali maji yanatoka. Kwetu iliwaka.

Tulipapasa viungo vyote kwa karatasi ya jikoni, maana karatasi inaonyesha unyevu ambao kidole baridi hakiuhisi. Chini ya sinki kukavu, nyuma ya choo kukavu. Mwanangu mkubwa ndiye aliyefungua kile kidirisha cha pembeni mwa gari chenye bafu la nje, la kusafishia miguu na mbwa, akakuta kiboksi chake kina dimbwi. Kichanganyio cha moto na baridi kilikuwa na ufa mwembamba mgongoni. Mwenyewe wa zamani alipitisha antifrizi jikoni, bafuni na chooni, bila shaka kwa uangalifu, lakini hakulifungua bafu la nje, kwa hiyo maji ya kiangazi yalibaki pale na yakaganda. Mabomba yenyewe ya plastiki ya PEX, mekundu ya moto na ya buluu ya baridi, yanaweza kutanuka kidogo na kunusurika. Vinavyopasuka ni vitu vigumu vya mwishoni: vichanganyio, kichwa cha pampu, kikombe cha chujio, koki ya choo. Kichanganyio kipya kilitugharimu pesa ndogo na mchana mmoja.

Tangu hapo ninaamini kwamba ugonjwa wa gari la kambi unakaa kwenye bomba lisilotumika. Bomba la jikoni litakuambia lenyewe likiwa na shida. Bafu la nje halikuambii kitu.

Hita ndiyo inayofuata. Ina kizibo kimoja kikubwa nje ya gari, na kwenye hita za tangi la chuma kizibo hicho kimebeba fimbo ya anodi ya magnesi au alumini. Fimbo hiyo imewekwa iliwe na kutu ili tangi lisiliwe. Magnesi inatoa elektroni kirahisi kuliko chuma, kwa hiyo inajitoa kwanza. Tulipoifungua ilikuwa imebaki waya wa katikati na vipande vichache vilivyong’ang’ania, kama mfupa wa samaki baada ya chakula cha mchana. Kanuni inayotumika ni kuibadilisha ikishaliwa robo tatu. Hita za tangi la alumini kwa kawaida hazina fimbo hii, kwa hiyo soma kibandiko chako kabla hujaenda dukani. Na usiguse kizibo hicho hita ikiwa ya moto au ina presha: zima, acha ipoe, fungua bomba la maji ya moto ndani ili presha itoke, ndipo ulete soketi. Tukaingiza mpira mwembamba tukasuuza, ukatoka mchanga mweupe wa chokaa. Maji ya visima vya kambini huku yana chokaa nyingi na yote hutua hapo.

Ikiwa maji yako ya moto yananuka yai viza na ya baridi hayanuki, hita ndiyo mshukiwa. Kuna bakteria wanaogeuza salfeti ya kwenye maji kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, na anodi ya magnesi inawapa mazingira wanayoyapenda. Klorini inawaondoa mara nyingi. Wakirudi, watu hubadili anodi iwe ya alumini.

Na jambo ambalo limeshachoma hita nyingi kila Mei: kuiwasha ikiwa tupu. Elementi ya umeme isiyozungukwa na maji inaungua kwa muda mfupi sana, wala haitoi onyo. Mke wangu alibandika karatasi juu ya swichi yake, kwa Kiswahili, “MAJI KWANZA”, nayo haibanduliwi mpaka bomba la moto la jikoni litoe mkondo mnene usiokohoa, ishara kwamba tangi la hita limejaa.

Sasa jiki. Kipimo kinachozunguka miongoni mwa wenye magari haya Marekani ni robo kikombe kwa kila galoni 15, ambacho kwa vipimo vyetu ni mililita 60 kwa lita 57. Chukulia mililita moja kwa lita. Kwa jiki ya kawaida ya asilimia 5 hadi 6 hiyo inakupa karibu miligramu 50 za klorini kwa lita. Tangi letu ni la lita 90, jumlisha hita, inakuja mililita 115 hivi. Chupa nyingi zinazouzwa sasa zina nguvu zaidi, zinafika asilimia 7.5 na hata 8.25, kwa hiyo ninasoma lebo na kupunguza.

Kwa aliyekulia nyumbani na chupa ya WaterGuard, kiasi hiki kinatisha, na ni sawa kitishe. Kule ni kifuniko kimoja kwa ndoo ya lita 20, unasubiri nusu saa, unakunywa. Klorini inayolengwa ni kama miligramu 2 kwa lita. Hapa tunatia mara ishirini na zaidi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa Marekani ni miligramu 4. Maji haya hayanywewi, hayapigiwi mswaki, hayapewi mbwa. Siku hiyo tunanunua maji ya dukani na watoto wanajua.

Upande mwingine wapo wanaotia chupa nzima kwa kudhani ukali ndio usafi. Siwaungi mkono. Jiki nyingi inakausha mipira ya koki na kichwa cha pampu, na inakulazimu kusuuza wiki nzima. Nguvu ya dawa ni ukali pamoja na muda: miligramu 100 kwa saa moja, au 50 kwa saa nne, kazi ni ileile. Mimi ninachagua ndogo na usiku kucha. Muda hauna gharama.

Jiki iwe ya kawaida kabisa, isiyo na manukato wala ile nzito isiyorusha matone, maana hizo zina vitu vya ziada visivyokusudiwa kupita kwenye maji ya kunywa. Ninaichanganya kwanza kwenye ndoo ya maji ndipo ninaimimina tangini, kisha mpira unajaza juu yake ili uchanganyike wenyewe. Siki haikaribii eneo hilo. Wapo wanaotia siki kuondoa chokaa, na ni dawa nzuri kwa kazi hiyo, lakini siki ikikutana na jiki inatoka gesi ya klorini, na ndani ya gari dogo hakuna pa kuikimbilia. Hizo ni kazi za siku mbili tofauti, na kusuuza katikati.

Halafu zile kona. Kichujio cha maji ya kunywa kinatolewa, kwa sababu kaboni yake ingeimeza klorini yote na kuharibika, na mahali pake tunaweka kikombe kitupu. Tangi linajazwa mpaka maji yatoke kwenye bomba la kufurika, kwani utando hukaa juu pia, si chini tu. Hita inafunguliwa koki zake ipokee dawa, lakini haiwashwi. Baada ya hapo kila bomba linafunguliwa mpaka litoe harufu ya klorini: baridi, moto, choo, bafu la nje, na vile vitoleo viwili vya chini kwa sekunde chache. Kuna njia nyingine moja inayosahauliwa na karibu kila mtu, ile ya mahali unapochomeka mpira wa kambini moja kwa moja bila kupitia tangi. Ina valvu ya njia moja, kwa hiyo dawa ya tangini haiwezi kuifikia kutoka ndani. Ninatia kijiko cha jiki ndani ya mpira wenyewe, ninachomeka, ninafungua maji kidogo mpaka harufu ifike kwenye bomba la karibu, ninafunga. Mpira nao unapata usafi wake humohumo. Na kwa kuwa presha ya bomba la nyumbani au kambini inaweza kuzidi ile ya pampu, kati ya bomba na mpira kuna kidhibiti kinachoishusha hadi paundi 40 au 50.

Tukimaliza, mimi na mwanangu tunazunguka mtaa na vani. Jirani anadhani tunajionyesha. Kumbe maji yanachapa dari ya tangi kwenye kila kona ya barabara, na hapo ndipo brashi ya shemeji ingefika.

Asubuhi ninanusa kila bomba kabla ya kumwaga. Harufu ikiwepo, dawa imebaki hai usiku kucha, maana yake haikukuta uchafu wa kuimaliza. Ikiwa imepotea kabisa, ninarudia. Katika vani hii msimu ule wa kwanza ilikuwa imepotea upande wa bafuni, hivyo tukarudia, na mara ya pili ikabaki.

Kumwaga nako kuna adabu yake. Mifereji ya barabarani Minneapolis haipiti kwenye kiwanda cha kusafisha maji. Inapeleka kilichomo kwenye maziwa na Mto Mississippi. Waridi na jiki haviendi huko. Vyote tunavielekeza kwenye tangi la maji machafu la gari na kuvimwaga kwenye kituo maalumu cha kumwagia taka za magari ya kambi. Kituo chenyewe kikiwa kinatumia shimo la maji taka, ninauliza kwanza, kwa kuwa klorini inaua bakteria wanaolifanyia shimo hilo kazi.

Kusuuza ni kujaza na kumwaga, kujaza na kumwaga, mpaka harufu iishe. Tatizo ni kwamba pua ya aliyeshinda na jiki haifai tena kuwa hakimu. Tunamwita binti yetu mdogo aliyekuwa ndani ya nyumba akinywa uji. Anapewa glasi mbili, moja ya bomba la nyumbani na moja ya vani, hajui ipi ni ipi. Akikunja uso, tunajaza tena. Wenye fedha wananunua vijikaratasi vya kupima klorini, nasi tunavyo, lakini vile vya bwawa la kuogelea vinaishia kwenye miligramu 10 hivi. Vinafaa wakati wa kusuuza na havifai kupimia dawa yenyewe.

Chujio kipya kinawekwa mwisho, hita inapewa ruhusa, karatasi ya mke wangu inabanduliwa na kuhifadhiwa kwenye droo ya vijiko. Kutoka hapo maji hayakai tangini bure. Tukirudi kutoka Gooseberry Falls au popote, na gari litasimama zaidi ya wiki mbili kwenye joto la Julai, tunamwaga. Maji ya vuguvugu yaliyotulia ni makazi mazuri ya bakteria, na wale wa Legionella wanastawi zaidi kati ya nyuzi 25 na 45, ambayo ndiyo hali ya ndani ya vani iliyofungwa vioo juani. Ukiyakuta maji ya namna hiyo, kuyapulizia kwenye bomba la mvua na kuyavuta kwa pua ni hatari kuliko kuyanywa.

Watu wananiuliza kama tunakunywa ya tangini. Tunakunywa, tunapikia, tunachemshia chai. Jirani yetu hanywi ya kwake, anabeba madebe kila safari. Nilimuuliza mara ya mwisho lini alilifungua bafu lake la nje, akasema halijui hata kama linafanya kazi. Tulilifungua pamoja Jumamosi moja. Sitasema kilichotoka, ila alikwenda dukani jioni ileile.

Alirudi na chupa mbili, akanipa moja. Ya zamani niliyokuwa nayo kwenye rafu tangu mwaka uliopita sikuitia tena kwenye gari, maana jiki inapoteza nguvu ikikaa, hata ikiwa haijafunguliwa, na lebo haibadiliki kukuambia. Hiyo tunafulia mashuka.